Ung'eng'e wa Kamusini, Ung'eng'e wa Jikoni

Sauti tatu zinazobishana hapa nimezibuni. Hoja zao sikuzibuni. Nimezisikia vibarazani, kwenye daladala na kwenye vyumba vya habari, kila kizazi kikizirudia kama vile hakuna aliyewahi kuzisema. Nimezikalisha katika ukoo mmoja wa Tanga kwa sababu ubishi wa Kiingereza kwetu huanzia nyumbani: nani kasomeshwa wapi, nani anamwaga ung'eng'e mbele ya wageni, nani anajichekesha pembeni ili isijulikane kwamba hakuelewa.

Binti ana shahada ya kwanza na anajiandaa na GRE, mtihani wa taasisi ya ETS ya Marekani, ambao baadhi ya vyuo vikuu vya huko huutaka kwa wanaoomba kusoma shahada ya uzamili. Mjomba wake amestaafu kazi ya uhariri katika gazeti la Kiingereza. Mama Mdogo, dada yake Mjomba, amerudi kutoka kaskazini mwa Uingereza, alikokuwa akitunza wazee majumbani kwao. Mezani pana rundo la kadi: neno upande mmoja, maana upande wa pili.

MJOMBA: "Pusillanimous." Haya, hiki nacho ni kitu gani?

BINTI: Mwoga, Mjomba. Mtu asiye na moyo wa kuthubutu.

MJOMBA: Na "coward" limekukosea nini? Mimi nimehariri habari za Bunge, za mahakama na za mpira. Mwandishi angeniletea neno hili ningelifyeka kabla sijamaliza aya. Wala si kwa chuki. Msomaji wetu alinunua gazeti kwa hela yake, akalisoma kituoni huku anachungulia kama basi linakuja. Hakulinunua ili athibitishiwe kwamba mwandishi anamiliki kamusi.

BINTI: Mimi sisomi kwa ajili ya gazeti. Nasoma kwa ajili ya mtihani.

MJOMBA: Hata mitihani yenyewe imeanza kuyakimbia maneno hayo. Ule wa SAT, wanaoufanya vijana wa Marekani kabla ya chuo, uliacha kuuliza kinyume cha neno mwaka 1994, ukaacha maswali ya kulinganisha jozi za maneno mwaka 2005, na toleo la mwaka 2016 likayapunguza kabisa maneno ya ajabu-ajabu. GRE yako nayo ilitupa aina hizo mbili za maswali mwaka 2011. Unajua malalamiko yalikuwa nini? Kulikuwa na swali moja la SAT lililopata sifa mbaya: mkimbiaji na marathoni ni sawa na mpiga makasia na nini? Jibu ni "regatta", mashindano ya mashua. Mtoto aliyelelewa kando ya klabu ya mashua anajibu huku anapiga miayo. Aliyelelewa mtaa wa mbali na maji anakosa, kisha anaambiwa hana akili ya chuo.

BINTI: Swali hilo lilikuwa la dhuluma, sikatai. Lakini maneno yenyewe hayajafutwa, yamevalishwa sentensi tu. Siku hizi unapewa sentensi yenye pengo, au unachagua maneno mawili ambayo kila moja litaiacha sentensi na maana ile ile. Usiniambie nitakisia kutokana na muktadha, maana muktadha wenyewe umejaa hayo hayo. Na hata tuuweke mtihani kando, nikifika nitapewa vitabu. Nimepiga hesabu.

MJOMBA: Hesabu ya maneno?

BINTI: Ndiyo. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyefundisha miaka mingi huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yenye manufaa zaidi kwa anayejifunza Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akaongeza orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma. Familia ni neno pamoja na uzao wake, kama soma, somo, msomaji na usomaji. Ukizimaliza orodha zote mbili, unajua kama asilimia 86 ya maneno katika maandishi ya chuo. Inasikika nyingi, siyo? Lakini maana yake ni kwamba katika kila maneno saba, moja hulijui. Mstari wa kitabu una maneno kumi, kumi na mawili. Hakuna mstari utakaoupita bila kujikwaa. Mwenzake Coxhead, Profesa Paul Nation, alikokotoa mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji familia 8,000 hadi 9,000 ili ajue maneno 98 katika kila 100. Hapo ndipo kusoma kunakuwa kusoma. Shule haikunifikisha huko, na sioni wa kunifikisha zaidi ya mimi mwenyewe na kadi zangu.

MJOMBA: Sawa, nimekuelewa mpaka hiyo 9,000. Ila "pusillanimous" haimo humo, nakuapia. Chukua maandishi mengi kadiri utakavyo, orodhesha maneno yote tofauti yaliyomo, kisha uhesabu kila moja limetokea mara ngapi. Karibu nusu ya orodha utakuta imetokea mara moja tu. Tangu miaka ya 1930 Mmarekani George Kingsley Zipf aliandika juu ya tabia hii ya lugha: maneno machache yanafanya kazi yote, na mengi mno yanakaa tu. Wewe umeamua kujuana na yale yanayokaa tu.

BINTI: Yanatokea mara moja moja, lakini yako mengi. Kila ukurasa utakuwa na lake.

(Msomaji atambue kwamba wote wawili wako sahihi, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Neno adimu kwa hesabu halina faida. Maneno adimu, yakiwa kundi, hayakwepeki.)

MJOMBA: Basi yasome, lakini usiyaseme. Mimi ninaloogopa ni pale yanapotoka mdomoni. Tazama Shashi Tharoor wa India. Mtu mwenye akili, amefanya kazi Umoja wa Mataifa karibu miaka thelathini, ni mbunge. Oktoba 2018 alitangaza kitabu chake kuhusu Waziri Mkuu Modi kwa neno moja lenye herufi 29, ambalo maana yake ni kukihesabu kitu kuwa hakina thamani. India nzima ikakimbilia kamusi. Watu wakashindana kulitamka. Sasa niambie, nani anakumbuka alisema nini juu ya Modi?

BINTI: Lakini kitabu kilijulikana. Na miaka miwili baadaye akatoa kingine cha maneno matupu, *Tharoorosaurus*, maneno 53, kila moja na historia yake. Watu walikinunua kwa raha zao. Lugha haina ruhusa ya kuwa raha?

MJOMBA: Ina ruhusa. Ila raha isijifanye ushahidi wa akili. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Daniel Oppenheimer alichukua maandishi ya watu, akabadilisha maneno mepesi kuwa mazito, kisha akawapa wasomaji wapime akili ya mwandishi. Kadiri maneno yalivyozidi uzito, ndivyo mwandishi alivyoonekana mjinga. Akapewa Ig Nobel, ile tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Jina la utafiti wake mwenyewe alilijaza maneno mazito kwa makusudi, ili msomaji aonje tatizo kabla ya kuambiwa. Na George Orwell alikwisha kutuonya mwaka 1946: usitumie neno refu pale ambapo fupi linatosha. Waingereza wenyewe wamechoka. Mwaka 1979 mama mmoja aitwaye Chrissie Maher alichanachana fomu za serikali mbele ya Bunge pale London kwa sababu raia wa kawaida hawazielewi, ikawa mwanzo wa kampeni ya Kiingereza chepesi. Marekani wakatunga na sheria mwaka 2010, idara za serikali kuu ziandike kwa lugha inayoeleweka. Wenye lugha wanashuka, wewe unapanda.

BINTI: Orwell aliyajua yote mawili, refu na fupi, ndipo akachagua. Alisoma Eton, Mjomba. Mtu aliyeshiba ndiye anayewahubiria wenzake kula kidogo. Mimi unaninyima kabla sijala.

Hapa naomba niingie, kwa sababu Mjomba anazungumza kana kwamba maneno mazito ni uchafu ulioingia Kiingereza juzi, na Binti anazungumza kana kwamba ni mali ya matajiri tangu asili. Historia ni ya ajabu zaidi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa walisema Kifaransa, kanisa na wasomi wakaandika Kilatini, na mkulima akabaki na maneno yake mafupi ya Kiingereza cha kale: nyumba, mkate, maji, mkono. Kiingereza kiliporudi kushika nafasi yake kwenye vitabu, wasomi wa karne ya 16 wakaanza kumimina Kilatini na Kigiriki ndani yake. Wenzao wakawakejeli. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1553 kuhusu ufasaha, aliwacheka wanaosema mpaka mama zao wazazi wasiwaelewe. John Cheke, mwalimu wa Kigiriki pale Cambridge, alitaka Kiingereza kibaki safi bila kuchanganywa.

Walishindwa. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1604 mwalimu wa shule, Robert Cawdrey, alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kilikuwa na maneno kama 2,500, na yote yalikuwa magumu, mepesi hakuyagusa. Kwenye ukurasa wa jina la kitabu alitaja aliowakusudia: mabibi, wanawake wa nyumba za heshima, na watu wengine wasio na elimu. Wanawake hawakupelekwa shule za Kilatini. Waliyasikia maneno hayo kanisani, kwenye mahubiri, wakarudi nayo nyumbani bila maana. Kwa hiyo kamusi ya Kiingereza ilizaliwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakikipitia Kiingereza chao wenyewe kama wageni. Kila nimwonapo kijana na kadi zake ndani ya daladala, namwona msomaji halali wa Cawdrey.

Turudi mezani, kwa sababu Binti ana jambo la karibuni zaidi.

BINTI: Na sasa wametuwekea mtego mpya. Aprili 2024 Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator, ile kampuni ya California inayolea kampuni changa, aliandika mtandaoni kwamba kuna mtu alimtumia barua pepe ya kupendekeza mradi mpya, ikiwa na neno "delve", kuchimba jambo kwa undani. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba barua imeandikwa na programu ya ChatGPT. Wanaijeria wakamjia juu: hilo ni neno letu la kawaida, tumeliandika tangu shuleni. Unaona mambo? Neno ambalo mwalimu alikupigia vema sasa linakufanya uonekane hukuandika mwenyewe. Tukiandika vibaya, hatujui Kiingereza. Tukiandika vizuri, ni mashine.

MJOMBA: Hapo umenigusa. Nimefanya kazi na vijana waliokuwa wakiandika hivyo kwa mkono, kwa kalamu, kabla ya kompyuta kuingia chumba cha habari. Lakini hebu jiulize. Kwa nini Mnaijeria, Mkenya na Mtanzania wana "delve" mdomoni, na jamaa wa London anasema "look into" akaenda zake?

MAMA MDOGO: Sasa ndiyo umeuliza swali. Nimewasikiliza tangu mnaanza, na kila mmoja ana hakika anajua neno gani ni gumu. Mimi nilikwenda kule na shahada yangu ya maendeleo ya jamii. "Paradigm" nilikuwa nayo. "Stakeholder" nilikuwa nayo. "Sustainability" usiseme. Wiki ya kwanza napelekwa kwa bibi mmoja wa miaka tisini na kitu. Ananiambia, kwa upole kabisa, anataka "to spend a penny". Nikamletea pochi yake.

BINTI: Alitaka kununua nini?

MAMA MDOGO: Subiri. Nyumba ya pili, mzee anasema anataka "tea" yake. Nikachemsha maji haraka, nikampa kikombe na biskuti. Akaniangalia mimi, akaangalia saa, akaniangalia tena. Kule kaskazini, kwa watu wengi, "tea" ni chakula cha jioni. Viazi, nyama, njegere. Yaani neno nililofundishwa nikiwa mtoto mdogo, na picha yake ya kikombe ubaoni, ndilo lililonishinda. Na nesi ananipigia simu: maumivu ya mzee ni "sharp" au "dull"? "Dull" mimi naijua ni mtoto asiyeshika darasani. Nikabaki na simu sikioni. Kumbe ni yale maumivu ya chini kwa chini, yasiyochoma, ambayo hayakuachi. Kuna ya kupwita, kuna ya kuchonyota, kuna ganzi, kuna kukakamaa, na kila moja lina neno lake fupi, na kila moja linamwambia daktari kitu kingine. Mimi nilikuwa na neno moja, "pain". La kuongezea uzito nilikuwa na "severe".

MJOMBA: Pole sana, dada.

MAMA MDOGO: Usinipe pole, sikiliza. Kila zamu inaisha kwa ripoti. Siku moja bibi kakataa chakula, nikaandika kwamba "she declined to partake of her meal". Msimamizi akaisoma kwa sauti, wenzangu wakacheka, wala si kwa ubaya. Akaniambia, mpenzi, andika tu "she didn't eat her tea". Sasa nipimieni. Sentensi yangu haina kosa hata moja. Na ile yake nisingeweza kuiandika hata ningepewa siku nzima.

MJOMBA: Si ndilo ninalolisema siku zote! Jepesi ndilo bora.

MAMA MDOGO: Hapana, kaka, ndipo unapokosea. Wewe na huyo Orwell wako mnaniambia niliache neno refu nichukue fupi. Fupi sikuwa nalo! Orwell alikuwa anawaambia watu waliozaliwa na mafupi, wakayasahau shuleni. Mimi nilizaliwa na Kiswahili. Kiingereza cha maana nilikipokea kidato cha kwanza, na kilikuja kimevaa suti. Cha kwanza kilikuwa baiolojia.

Jambo hili, nakiri, ndilo lililonifanya niandike mjadala huu. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma masomo karibu yote kwa Kiswahili, akifika sekondari kila kitu hugeuka Kiingereza. Kiingereza kinachomdai kweli, kinachompa alama, ni cha jiografia na kemia. Kwa hiyo anajua "photosynthesis" kabla ya kujua kijiti cha mti kinaitwaje. Anajua "precipitation" na hajui dimbwi la mvua lililo mlangoni kwake linaitwaje kwa lugha hiyo. Mtoto wa Leeds, kule Uingereza, hupitia njia hiyo kinyumenyume: dimbwi kwanza, kwa sababu amelikanyaga na kufokewa, na "precipitation" baadaye sana, kama atafika. Mwenzetu wa Leeds akisikia "tolerate" analiona neno la wakubwa. "Put up with" analo tangu alipokuwa akigombania midoli. Kwetu "tolerate" ni la kidato cha pili, na "put up with" huenda lisije kamwe.

Ndiyo maana Kiingereza chetu kinasikika kama barua ya wizara. Watu hudhani ni majigambo. Majigambo yapo, sitawatetea wote, lakini kwa sehemu kubwa ni mpangilio wa ratiba. Tumepewa ghorofa ya juu kabla ya sebule.

BINTI: Mama, kama ni hivyo basi kadi zangu ni rahisi kuliko nilivyodhani.

MAMA MDOGO: Ni rahisi sana. Wewe mwenyewe eleza unavyozikariri.

BINTI: Kwa mashina. "Bene" ni wema, "male" ni ubaya, "volent" ni kutaka. Ukijua hayo, mtu mwenye nia njema na mwenye nia mbaya umewapata kwa pigo moja, na ukoo wao wote. Hata huyu mwoga wa Mjomba: "pusill" ni kidogo sana, "anim" ni roho. Mtu wa roho ndogo. Nikikuta "magnanimous" sihitaji kadi.

MAMA MDOGO: Sasa nipe shina la "put". "Put off", kuahirisha. Au kumchefua mtu. "Put out", kuzima moto. Au kumsumbua mtu. "Put up", kumlaza mgeni. "Put down", kumdhalilisha mtu, au kumchoma mbwa mgonjwa sindano ya kufa. "Put on", kuvaa, kunenepa, kujifanya. Kilatini hakikusaidii hapo. Hakuna shina la kushika. Kila moja unalipata kwa kuishi nalo.

MJOMBA: Kwa hiyo unasema msichana huyu anasoma maneno mepesi na kuyaita magumu.

MAMA MDOGO: Anasoma yale ambayo shule ilikwisha kumpa nusu yake. Anakamilisha tu. Ni vizuri, afaulu. Lakini asije kuniambia hiyo ndiyo ngazi ya juu ya Kiingereza. Ngazi ya juu kwetu sisi ni upawa, chujio, bawaba ya mlango, bomba linalodondosha, shati lililopauka, kucha iliyoota ndani ya nyama. Muulize mhadhiri yeyote unayemheshimu hivyo vinaitwaje. Anaweza kukutolea muhadhara wa saa mbili kwa Kiingereza, na duka la vifaa akaingia anaonyesha kwa kidole.

MJOMBA: Nami naongezea lako, maana umenikumbusha kitu. Tunamsifu Mwalimu Nyerere kwa kumtafsiri Shakespeare, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Watu hudhani ugumu wake ni falsafa. Ukimfungua Shakespeare ugumu uko kwenye vitu: nguo, silaha, ndege, matanga, vyakula, matusi ya sokoni. Hayo huwezi kuyapata kwenye orodha ya kitaaluma. Na Shaaban Robert, mtu wetu wa hapa Tanga, alipoyaleta mashairi ya Omar Khayyam kwa Kiswahili alipitia tafsiri ya Kiingereza ya FitzGerald. Mtu ambaye masomo yake ya shule yalikuwa ya miaka michache tu. Maneno aliyapata wapi?

BINTI: Kwa kusoma vitu ambavyo hakuna aliyemlazimisha.

MJOMBA: Basi tumekubaliana hatimaye.

BINTI: Hatujakubaliana. Wewe ulisema nitupe kadi. Mimi sitazitupa. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha mwaka 1885 matokeo ya kujipima mwenyewe, inajulikana kwamba unachojifunza leo kinapukutika haraka sana siku za mwanzo, na kinabaki zaidi ukikirudia kwa vipindi. Sebastian Leitner alitengeneza utaratibu wa masanduku mwaka 1972: kadi uliyoijua inasogea sanduku la mbele, huirudii mpaka baada ya siku kadhaa, uliyokosa inarudi nyuma, unaikuta kesho. Programu za simu zinafanya hivyo hivyo leo. Njia ni nzuri. Kilichokuwa kibaya, kwa jinsi anavyosema Mama, ni nilichokiandika juu ya kadi.

MAMA MDOGO: Na kuandika neno peke yake. Andika sentensi ambayo mtu ameisema kweli. Mimi yangu niliyatoa kwa wale wazee. Mwingine atayatoa kwenye hadithi za upelelezi, vitabu vya mapishi, vitabu vya watoto. Vitabu vya watoto ndivyo vilivyonisaidia kuliko vyote, na nilivisoma kwa kujificha kwenye basi, nikiwa na kijalada cha kozi juu yake.

MJOMBA: Mtu mzima na kitabu cha sungura.

MAMA MDOGO: Kitabu cha sungura kina dimbwi, kaka. Kina kijiti.

(Najua msomaji amekuwa akingoja mmoja wao aseme kwamba tukikienzi Kiswahili, haya yote yatakwisha. Hawakusema, nami sikuwasukuma. Binti ana tarehe ya mtihani.)

BINTI: Ila Mama, GRE haitaniuliza upawa.

MAMA MDOGO: Haitakuuliza. Mtihani wenyewe siku hizi hauzidi saa mbili. Baada ya hapo unakwenda kuishi na watu.

MJOMBA: Na yule bibi? Hukutuambia alitaka kununua nini.

MAMA MDOGO: Chooni! Zamani vyoo vya umma vya Uingereza vilikuwa na kitasa unachotumbukizia sarafu ya peni moja ndipo mlango ufunguke. Kwa hiyo kutumia peni ni kwenda haja. Bibi wa watu anajikaza, mimi nimemshikisha pochi, nimesimama pembeni kwa adabu namngoja ahesabu sarafu.

MJOMBA: Miaka yote ile ya kuhariri, sikuwahi kukutana na hilo.

MAMA MDOGO: Hayo hayaandikwi gazetini. Haya mwanangu, bweni la chuo unachokiomba lina jiko?

BINTI: Wameandika jiko moja kwa watu sita.

MAMA MDOGO: Basi leta kadi tupu. Tuanze na sinki. Bomba, kizibo cha sinki, sponji, sufuria iliyoungulia...

MJOMBA: Na bomba uandike "faucet", siyo "tap". Huyu anakwenda Marekani.